Kutoka Utenzi wa Vita hadi Shairi la Ugenini: Uhamisho, Uhamaji na Kumbukumbu katika Ushairi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ushairi wa Kiswahili unavyohifadhi kumbukumbu ya vita na tajiriba ya kuishi mbali na kwao. Hoja kuu ni kwamba umbo la shairi huelekeza nani akumbukwe na nani apewe nafasi ya kusema. Utenzi wa vita huhifadhi kumbukumbu ya jamii na kuwataja viongozi, miji na mapambano. Waliokimbia hubaki umati usio na majina. Shairi fupi la beti zenye kibwagizo, kwa upande wake, humpa aliyehamishwa nafsi ya kwanza. Hoja hiyo inajadiliwa kwa kurejelea tenzi za vita vya Wadachi na vya Maji Maji, diwani ya Abdilatif Abdalla iitwayo *Sauti ya Dhiki* na diwani ya Mohammed Khelef Ghassani iitwayo *N'na Kwetu*. Mwishoni, makala yanaeleza maana ya hoja hiyo kwa mtafiti anayekusanya ushairi wa wakimbizi wanaozungumza Kiswahili leo.

1.0 Utangulizi

Ushairi wa Kiswahili umeishi na vita tangu zamani. Ni vigumu kutaja karne hata moja kati ya zile tulizo na maandishi yake ambamo washairi wa pwani hawakutunga juu ya mapigano, kuzingirwa kwa miji au kuangushwa kwa watawala. Hata hivyo, tafiti nyingi kuhusu ushairi huu zimeuliza zaidi juu ya ushujaa kuliko juu ya kuondoka. Tunajua ni nani alipigana na nani, na ni nani alishinda. Hatujauliza vya kutosha waliofungasha usiku walikwenda wapi, wala nani aliwatungia.

Swali hili halikuzuka maktabani tu. Mtafiti alikulia wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita nchini Kongo. Katika shule ya msingi aliyosoma, neno "mkimbizi" lilikuwa dhihaka ya watoto. Lilitumiwa kumwita mwenzao aliyekuja na nguo chakavu, hata kama wazazi wake walizaliwa kijiji cha pili. Miaka mingi baadaye, alipoanza kusoma tenzi za vita kwa ajili ya shahada ya uzamivu, mtafiti alijikuta akimtafuta mtu huyo katika beti na kumkosa. Makala haya ni jaribio la kueleza kwa nini hakumpata huko, na alimpata wapi.

2.0 Msamiati wa Kuondoka

Kabla ya kuingia katika matini, ni vyema kuyatazama maneno yenyewe. Kiswahili hakina neno moja linalobeba hali zote za kuishi mbali na kwao. Kina maneno kadhaa, na kila moja lina mtazamaji wake.

Neno "uhamisho" limetokana na kitenzi "hamisha", yaani kumfanya mwingine ahame. Ndani yake kuna mtendaji ambaye si yule anayeondoka. Ndiyo maana neno hilo hilo hutumika kwa mwalimu anayepewa barua ya kwenda kituo kingine cha kazi na kwa mtu aliyefukuzwa nchini mwake: katika hali zote mbili, uamuzi umetoka juu. "Uhamaji", kinyume chake, unatokana na "hama" na humwacha mhamaji awe mtendaji. "Mkimbizi" ni mwenye kukimbia. Neno linataja mwendo na haliseme lolote juu ya kinachokimbiwa. Pengine hiyo ndiyo sababu linageuka dhihaka kwa urahisi, kwani kinachoonekana ni mbio tu, si moto ulio nyuma yake.

"Ugenini" ni mahali panapotambulishwa kwa macho ya mwenyeji, kwa kuwa mtu huwa mgeni mbele ya mwenye nyumba. "Ughaibuni", lenye asili ya Kiarabu katika dhana ya kutokuwepo, hutazama kutoka upande wa waliobaki: aliye ughaibuni ni yule ambaye sisi huku hatumwoni. Zaidi ya hayo kuna "hijra", linaloipa safari heshima ya kidini, na kuna lugha ya mitaani inayozungumzia "kuzamia", "majuu" na "mbele", ambayo huipa safari sura ya matumaini na hatari kwa pamoja.

Kwa hiyo, mshairi anayechagua mojawapo ya maneno haya amekwisha kuchagua mahali pa kusimama. Anayesema "ugenini" amesimama mlangoni kwa mwenyeji, na anayesema "uhamishoni" amemnyooshea kidole aliyemtoa. Msomaji anayeyachukulia maneno haya kuwa visawe hupoteza nusu ya maana.

3.0 Utenzi wa Vita: Kumbukumbu ya Jamii

Utenzi wa kawaida una beti za vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina, na cha nne hubeba kina kimoja kinachodumu kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kina hicho cha bahari ndicho uti wa mgongo wa umbo zima. Huunganisha mamia ya beti kuwa kauli moja, na kwa sababu hiyo utenzi unafaa sana kusimulia jambo lililoipata jamii nzima.

Mfano wa kwanza ni *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima* wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Historia inayohusika inafahamika. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha kampuni ya Kijerumani haki ya kutoza ushuru katika pwani ya Mrima. Agosti mwaka huo ugomvi ulilipuka Pangani, na vita vikaenea. Mwaka 1889 Hermann Wissmann alifika na jeshi lililokuwa na askari Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine waliotoka Msumbiji. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Hemedi alitunga akiwa mtu wa pwani hiyo hiyo, akiwa karibu na matukio na bila kuwaonea Wadachi huruma.

Katika masimulizi ya aina hii, vita vina majina: Abushiri, Bwana Heri wa Saadani, Wissmann, Pangani, Bagamoyo. Lakini vita hivyo pia vilikuwa uhamaji wa pande mbili. Wenyeji walikimbia miji iliyopigwa mizinga, na askari waliowafukuza walikuwa wenyewe watu walioondolewa mbali na kwao kwa mshahara. Utenzi huwaona wote hawa kwa wingi: "watu" wanakimbia, "askari" wanashuka. Hili si kosa la Hemedi. Utenzi unaotakiwa kuiweka jamii pamoja hauwezi kusimama katika kila mlango.

Mfano wa pili ni utenzi wa vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa kwanza mwaka 1933 na kutolewa tena mwaka 1957 chini ya uhariri wa W. H. Whiteley. Vita vyenyewe vilianza Julai 1905 katika eneo la Wamatumbi na kuenea kusini mwa nchi hadi 1907. Makadirio ya Kijerumani yaliwataja waliokufa kuwa 75,000, ilhali mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa iliyofuata baada ya vyakula na mashamba kuchomwa. Tofauti ya hesabu hizi mbili ni zaidi ya watu 170,000. Hao ndio ambao kumbukumbu rasmi haikuwaona, na miongoni mwao walikuwamo waliofia njiani wakitafuta chakula mbali na vijiji vyao. Mtunzi wa Lindi alitunga chini ya utawala uleule uliokuwa umeshinda. Utenzi wake unalalamika na papo hapo unajihadhari, na msomaji hana budi kuupima kwa kuzingatia hali hiyo.

Desturi hii iliendelea. Shaaban Robert alitunga *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, unaosimulia vita vya dunia vya 1939 hadi 1945, naye akiwa mtumishi wa serikali Tanganyika, mbali na uwanja wa mapigano. Henry Muhanika akaandika utenzi wa vita vya Kagera na kuanguka kwa Idi Amin, uliochapishwa mwaka 1981. Katika tenzi zote hizi, kumbukumbu inayohifadhiwa ni ile inayoweza kusemwa kwa "sisi".

4.0 Sauti ya Aliyetengwa

Hata hivyo, mapokeo hayo hayo ya pwani yana mfano wa kale wa mtu mmoja aliyefukuzwa. Fumo Liyongo, kama anavyosimuliwa katika utendi wa Muhammad bin Abubakar, anawindwa na mfalme wa Pate, anaishi porini mbali na watu wake, na hatimaye anafungwa. Akiwa gerezani anamtumia mama yake ujumbe wa mafumbo kupitia kijakazi Saada, kwamba amfichie tupa ndani ya mkate wa wishwa. Mafumbo hayo walinzi wanayasikia na hawayaelewi. Hapa shairi halihifadhi historia ya mji. Linapita mahali ambapo mwenye kulitunga hawezi kupita.

Kazi hiyo ya shairi ilirudi kwa uzito katika karne ya ishirini. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza *Kenya: Twendapi?* Alifungwa hadi Machi 1972, muda mrefu akiwa peke yake. Mashairi aliyoyatunga humo, mengi akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Wakati huo mtunzi alikuwa amekwisha kuondoka Kenya na kuhamia Dar es Salaam, ambako alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1979 alikwenda London kufanya kazi katika idhaa ya Kiswahili ya BBC, na baadaye akafundisha Leipzig. Mwaka 1974 diwani yake ilipewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Mashairi ya diwani hiyo yalitungwa kifungoni, si uhamishoni. Hata hivyo, makala haya yanayachukulia kuwa utangulizi wa uhamisho kwa sababu mbili. Kwanza, mfungwa wa upweke ni mtu aliyehamishwa ndani ya nchi yake: mji wake upo, lakini hawezi kuufikia. Pili, mashairi hayo yanajenga nafsineni ambayo utenzi wa vita hauna, yaani "mimi" anayejitetea, anayejihoji na anayekataa kubadili kauli. Shairi la bahari ya tarbia, lenye mishororo minne ya mizani kumi na sita na kibwagizo, linaifaa nafsi hiyo. Kila ubeti huenda na hoja yake na kurudi pale pale. Kwa mtu ambaye mwili wake hauruhusiwi kurudi, kibwagizo kinampa kurudi kwa namna nyingine.

Tazama pia jina la shairi *N'shishiyelo ni Lilo*. Kwa Kimvita lina mizani nane kamili, yaani kipande kimoja cha shairi: n', shi, shi, ye, lo, ni, li, lo. Likisemwa kwa Kiswahili sanifu, "Ninaloshikilia ni hilo hilo", linakuwa na mizani kumi na mbili na haliingii tena. Lahaja hapa si pambo. Kauli ya kushikilia msimamo imefungwa katika lugha ya nyumbani, na nje ya lugha hiyo haisimami kwa umbo lake.

5.0 "Kwetu" ni Wapi?

Diwani ya Mohammed Khelef Ghassani, *N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini*, ilipata Tuzo ya Mabati-Cornell kwa upande wa ushairi mwaka 2015. Mtunzi alizaliwa Pemba na amefanya kazi ya utangazaji Ujerumani. Nyuma ya diwani ya aina hii ipo historia ndefu ya watu wa visiwa hivyo kutawanyika: baada ya mapinduzi ya Januari 12, 1964, familia nyingi zilielekea Oman, Uingereza na kwingineko, na baada ya machafuko ya Januari 2001, watu zaidi ya 2,000 walivuka kutoka Pemba kwenda Shimoni, Kenya.

Jina la diwani lenyewe linatosha kuonyesha jambo ambalo sarufi imelificha mbele ya macho yetu. Kiswahili kina njia tatu za kusema mahali petu. "Petu" hutaja mahali mahususi panapoonekana. "Mwetu" hutaja ndani. "Kwetu" hutaja upande, uelekeo, mahali pasipohitaji mipaka. Mtu aliye mbali hupoteza "petu" kwa kuwa nyumba imeuzwa, imechukuliwa au imebomoka. Hupoteza "mwetu" kwa kuwa hayumo tena. "Kwetu" inabaki, kwa kuwa haidai kuonyeshwa kwa kidole. Kusema "n'na kwetu" ugenini ni kudai kitu ambacho hata hati ya kusafiria haiwezi kukithibitisha wala kukikanusha.

Aidha, "n'na" ina mizani mbili, sawa na "nina", kwa kuwa n hiyo huhesabiwa kuwa silabi. Hivyo mtunzi hakulazimishwa na mizani kuchagua umbo la nyumbani. Tofauti na jina la shairi la Abdilatif, ambamo lahaja inabeba kipimo, hapa lahaja inabeba utambulisho peke yake. Mgeni ametaja kwao kwa sauti ya kwao.

6.0 Pingamizi Mbili

Hoja iliyotolewa inaweza kupingwa, na inafaa mapingamizi yasikilizwe. La kwanza ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Yeye alitunga mashairi ya beti, si tenzi, juu ya ushindani wa Mombasa na Lamu na juu ya Sayyid Said. Je, hilo halivunji mgawanyo kati ya utenzi wa vita na shairi la nafsi? Jibu ni kwamba linaupunguza makali lakini haliuvunji. Shairi la vita la Muyaka kwa kawaida ni la majibizano: linarushwa kwa mpinzani na linangoja jibu. Mtunzi yumo mjini, na anasema kwa niaba ya mji. Mombasa ilipoangukia mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837, Wamazrui wengine walikamatwa na kupelekwa mbali, na wengine wakahamia Gasi na Takaungu. Sauti ya waliopelekwa haikutufikia kwa njia ya Muyaka, kwa kuwa hakuwa mmoja wao. Kwa hiyo umbo peke yake halitoshi. Mahali aliposimama mtunzi nalo ni sharti.

Pingamizi la pili linatokana na mjadala wa wanamapokeo na wanamabadiliko uliopamba moto miaka ya 1970, baada ya *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi kuchapishwa mwaka 1974. Mtu anaweza kusema kwamba tajiriba iliyovunjika inahitaji umbo lililovunjika, na kwamba vina na mizani ni anasa ya watu waliotulia. Ushahidi wa *Sauti ya Dhiki* unaelekea upande mwingine. Aliyenyimwa karatasi anahitaji umbo ambalo kumbukumbu inaweza kulibeba. Kina humkumbusha mtunzi neno linalofuata, na mizani humwonya akisahau silabi. Kwa anayeondoka bila mzigo, shairi la arudhi ni mali inayobebeka. Hii haina maana kwamba shairi huru halifai kwa mada hii. Ina maana kwamba utii wa arudhi usihukumiwe kuwa woga wa kubadilika bila kwanza kuuliza shairi lilitungwa wapi na lilisafirije.

7.0 Maana Yake kwa Mtafiti

Leo Kiswahili ni lugha ya mawasiliano kwa Wakongo na Warundi wengi walio kambini Nyarugusu, na husikika pia Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992. Watafiti wa fasihi simulizi huenda huko na vinasa sauti. Uchambuzi uliotangulia unadai mambo matatu kutoka kwao.

Kwanza, mtafiti asiende na kipimo cha utenzi peke yake. Anayetafuta majina ya majemadari na tarehe za mapigano ataona kwamba mashairi ya kambini "hayana historia", ilhali yana historia ya aina nyingine: ya njia iliyopitwa, ya chungu kilichoachwa jikoni, ya mtoto aliyezaliwa mahali asipoweza kupaita petu.

Pili, lahaja isisanifishwe wakati wa kunukuu. Kiswahili cha Bukavu, Uvira au Bujumbura si makosa ya kusahihishwa pembeni mwa ukurasa. Kama ilivyoonekana kwa Kimvita cha Abdilatif, kusanifisha kunaweza kuvunja mizani, na kwa hakika kunafuta "kwetu" ya msemaji.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, jina la mtunzi ni suala la maadili lisilo na jibu moja. Desturi yetu ya kitaaluma hutaka kila shairi lipewe mwenyewe, na ni haki, kwa kuwa waliokimbia walikwisha kugeuzwa umati katika tenzi. Lakini jina lililochapishwa linaweza kusomwa na yule aliyekimbiwa. Tasnifu iliyo wazi mtandaoni haina mpaka. Kwa hiyo mtunzi mwenyewe ndiye aamue kama atatajwa kwa jina lake au kwa lakabu, baada ya kuelezwa kinaganaga kwamba kazi itasomwa na yeyote popote. Liyongo alisema kwa mafumbo kwa sababu walinzi walikuwa wakisikia. Mtafiti akiyafumbua mafumbo ya mtu bila idhini yake, amewasaidia walinzi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba utenzi wa vita na shairi la ugenini ni hifadhi mbili za tukio moja. Utenzi hueleza mji ulivyoanguka, na shairi la ugenini hueleza jinsi mtu anavyoendelea kuishi mji ukiwa umeanguka. Imeonyeshwa pia kwamba msamiati, lahaja na sarufi ya mahali hufanya kazi katika mashairi haya kwa kiwango ambacho uchambuzi wa dhamira peke yake hauwezi kukifikia. Kazi inayobaki ni kukusanya na kuchambua ushairi wa Kiswahili uliotungwa na wakimbizi wa eneo la Maziwa Makuu kwa uangalifu ule ule tuliouonyesha kwa hati za Lamu na Mombasa. Mtoto aliyeitwa "mkimbizi" kwa dhihaka amekwisha kuwa mtu mzima. Huenda naye anatunga, na anastahili msomaji anayejua tofauti kati ya mbio na sababu ya mbio.